Gari la zamani likipoteza nguvu: pima kwanza, fungua injini baadaye

MSIMU wa kahawa unapoanza katikati ya mwaka, pikapu na malori madogo ya zamani mkoani Kagera huingia katika kipindi kigumu cha kazi. Hapo ndipo wenye magari hugundua kwamba chombo kilichopanda mlima bila taabu mwaka uliopita sasa kinahema, kinatoa moshi na kula mafuta kupita kiasi.

Uamuzi unaofuata hugusa mtaji moja kwa moja. Mwenye gari akikubali haraka kwamba "injini imekwisha", hubaki na njia tatu, na zote ni za gharama: kufanya ovaholi, kununua injini ya mtumba, au kuuza gari kwa bei ya kutupa. Hata hivyo, si kila injini isiyo na nguvu imechakaa. Chujio lililoziba, breki inayobana au bomba la ekzosi lililopondwa na jiwe huweza kuleta dalili zinazofanana na za injini iliyochoka. Jambo la msingi kibiashara ni kujua tatizo liko wapi kabla ya kulipa.

Chukua mfano wa mfanyabiashara anayenunua mahindi na maharage Kimwani, kusini mwa wilaya ya Muleba, na kuyauza Bukoba mjini. Pikapu yake ya dizeli ilikuwa ikipanda mlima Nyangoye na tani moja ya mzigo kwa gia ya tatu. Sasa inataka gia ya pili, na nyuma yake limetanda wingu la moshi mweusi. Fundi anashauri ovaholi. Je, akubali?

Hasara inavyohesabiwa

Kabla ya kujibu, ni vizuri kuona hasara ya kuendelea na safari bila kutengeneza. Tuseme pikapu hiyo ilikuwa ikienda kilomita 10 kwa lita moja, na sasa inakwenda kilomita 7. Kwa kila kilomita 1,000 ilihitaji lita 100. Sasa inahitaji lita 143. Lita 43 zinapotea. Mwenye kusafiri kilomita 2,000 kwa mwezi hupoteza lita 86, na anaweza kuzidisha idadi hiyo kwa bei ya dizeli ya siku hiyo ili apate hasara yake kwa shilingi. Bado hajahesabu mzigo unaopunguzwa kila safari, muda unaopotea njiani na mteja anayehamia kwa mwingine.

Kwa hiyo kukaa kimya ni hasara, na kufungua injini bila sababu ni hasara nyingine. Njia iliyopo kati ya hizo mbili ni vipimo, vikifuata mpangilio: kuanzia kisichogharimu kitu hadi kinachogharimu zaidi.

Hatua ya kwanza haihitaji hata spana. Mwenye gari achague mlima mmoja anaoujua, mzigo uleule na gia ileile, kisha aandike kwenye daftari mwendo wa gari, rangi ya moshi na mafuta yaliyotumika. Aandike pia kama nguvu ilipotea ghafla au kidogo kidogo. Injini inayochakaa kwa kawaida hudhoofika kwa miezi na miaka. Nguvu iliyopotea kwa siku moja mara nyingi inaelekeza kwenye kitu kilichoziba, kilichokatika au kilichohama mahali pake.

Mwinuko nao una sehemu yake

Wanunuzi wa magari kutoka Dar es Salaam wana jambo la ziada la kuzingatia. Uso wa Ziwa Victoria uko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Bukoba na Muleba vinapanda juu zaidi. Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300, yaani karibu sehemu moja ya kumi kwa kila mita 1,000.

Maana yake ni kwamba gari zima kabisa, lililojaribiwa pwani na kuonekana zuri, litafika Bukoba likiwa limepungukiwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu bila kuwa na ubovu wowote. Aidha, kabureta iliyorekebishwa kwa hewa ya pwani itatoa petroli nyingi kuliko hewa inayopatikana huku juu, na plagi zitakuwa nyeusi. Pampu ya dizeli iliyofunguliwa sana huleta matokeo hayohayo: moshi mweusi bila nguvu. Marekebisho yake ni kazi ya fundi anayejua pampu au kabureta. Hayahitaji ovaholi.

Je, tatizo ni injini kweli?

Nguvu inayotoka kwenye injini inaweza kupotea kabla ya kufika barabarani. Vitu vitatu vichunguzwe kabla ya kufungua boneti.

Cha kwanza ni breki. Baada ya safari fupi bila kukanyaga breki sana, dereva asimame na kusogeza kiganja karibu na kila rimu, bila kuigusa. Gurudumu lenye joto kuliko mengine huenda breki yake inabana. Likiinuliwa kwa jeki na kuzungushwa kwa mkono, litakataa kuzunguka kwa urahisi. Tope linaloganda kwenye breki wakati wa mvua za masika na za vuli, pamoja na kebo ya breki ya mkono iliyoota kutu, ni vyanzo vinavyojulikana.

Cha pili ni klachi. Kama mlio wa injini unapanda lakini mwendo hauongezeki, klachi inateleza. Kipimo chake ni rahisi: gari lisimame mahali tambarare, pasiwe na mtu mbele wala nyuma, breki ya mkono ivutwe kabisa, kisha dereva aingize gia ya nne, aongeze mafuta kidogo na kuachia klachi. Injini yenye klachi nzima itazimika. Ikiendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea, diski imekwisha. Jaribio hili lifanywe mara moja tu, kwa kuwa kulirudia huunguza klachi.

Cha tatu ni kebo ya mafuta. Mtu mmoja akanyage pedali hadi mwisho huku injini imezimwa, na mwingine aangalie kwenye kabureta au pampu kama mkono wake umefika mwisho. Kebo iliyolegea, au zulia lililojikunja chini ya pedali, huweza kumnyima dereva sehemu kubwa ya nguvu alizozilipia.

Hewa na mafuta

Baada ya hapo ndipo zamu ya injini. Kipindi cha kiangazi vumbi jekundu la barabara za vijijini hujaza chujio la hewa mapema kuliko muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari. Injini iliyonyimwa hewa hutoa moshi mweusi, hula mafuta na kukosa nguvu mlimani. Chujio la karatasi likiinuliwa mbele ya taa na mwanga usipite, libadilishwe. Kulipuliza kwa upepo kutoka ndani kwenda nje husaidia kwa muda tu. Kuendesha bila chujio ni kosa kubwa, kwa sababu vumbi husaga ringi na silinda, na hapo ovaholi inakuwa ya lazima kweli.

Upungufu wa mafuta una dalili yake. Gari huenda vizuri kwenye tambarare, hufa nguvu mlimani, hupumzika kidogo, kisha hurudi kuwa zima. Sababu ni kwamba mlimani injini inahitaji mafuta mengi kwa wakati mmoja, na njia iliyoziba nusu haiwezi kuyapitisha. Vya kuangalia ni chujio la mafuta, kutu ndani ya tanki, maji kwenye kikombe cha kutenganishia maji cha injini ya dizeli, na mipira ya zamani iliyopasuka ambayo huvuta hewa badala ya mafuta.

Kuna pia kifuniko cha tanki. Kitundu chake cha kupumulia kikiziba, mafuta yanapotoka hakuna hewa inayoingia kuchukua nafasi yake, na pampu hushindwa kuvuta. Injini ikianza kufa nguvu, izimwe na kifuniko kifunguliwe polepole, mbali na sigara na moto. Kama kuna mlio wa hewa inayovutwa ndani, na gari linapata nguvu tena mara baada ya hapo, tatizo limepatikana bila kutoa senti.

Ubora wa mafuta yenyewe nao ni suala la zamani nchini. Kwa miaka mingi tofauti ya kodi ilifanya mafuta ya taa yawe ya bei ndogo kuliko dizeli na petroli, na baadhi ya wauzaji wakayachanganya. Mwaka 2010 EWURA ilianza mpango wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kubaini uchakachuaji, na katika bajeti ya mwaka 2011/12 serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita ili kuondoa faida ya kuchanganya. Hata hivyo, mafuta yanayouzwa kwenye madumu na chupa kando ya barabara hayana udhibiti huo. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hufanya injini igonge inapopanda mlima. Fundi akirudisha nyuma taimingi ili kuzima mlio huo, nguvu hupungua zaidi. Kama nguvu zilipotea mara baada ya kujaza mafuta, chanzo cha kwanza cha kushukiwa ni mafuta hayo.

Moto wa plagi

Kwa magari ya petroli, plagi ni kama karatasi ya ripoti. Ikiwa ya rangi ya kahawia hafifu au kijivu, silinda inaungua vizuri. Masizi makavu meusi yanaonyesha petroli nyingi au hewa kidogo. Plagi iliyolowa oili inaashiria ringi au sili za valvu. Plagi nyeupe yenye dalili za kuungua huonyesha hewa nyingi kuliko mafuta, au joto la kupita kiasi.

Mkoa wa Kagera hupata mvua nyingi, hasa ukanda wa ziwa, na unyevu huingia kwenye distributa na nyaya za plagi zilizozeeka. Gari linalomisi asubuhi na kupona likipata joto lina uwezekano mkubwa wa kuwa na tatizo hilo. Usiku, boneti ikifunguliwa gizani injini ikiwa inazunguka, cheche zinazoruka kutoka kwenye waya mbovu huonekana kwa macho.

Kujua silinda ipi haifanyi kazi, mafundi huchomoa waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo lenye mpira, injini ikiwa inazunguka taratibu. Waya ukichomolewa na mlio wa injini ukashuka, silinda hiyo ilikuwa ikifanya kazi. Mlio usipobadilika, silinda hiyo ilikuwa abiria tu. Njia hii ni kwa magari ya zamani yenye platini; kwenye magari yenye umeme wa kisasa huweza kuharibu vifaa na ni hatari kwa fundi. Katika magari ya platini, nafasi ya platini na taimingi ziangaliwe wakati huohuo.

Kwa dizeli, nozeli ndizo zinazochukua nafasi ya plagi. Zipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuzipima. Kamwe mtu asiweke kidole mbele ya nozeli inayopuliza, kwa kuwa shinikizo lake hupenya ngozi.

Ekzosi isisahaulike

Injini isiyoweza kutoa hewa chafu haiwezi kuvuta safi. Bomba lililobonyezwa na jiwe, au lililooza ndani na kuziba, hufanya gari liwake vizuri lakini likatae mwendo. Magari ya mtumba ya petroli kutoka Japani huwa na kichujio cha moshi ndani ya bomba, na kichujio hicho kikivunjika au kuyeyuka huziba njia. Fundi anaweza kulegeza kiungo cha bomba karibu na injini na kulijaribu gari kwa umbali mfupi. Litakuwa na kelele, lakini likipata nguvu, jibu limepatikana.

Kompresheni ndiyo hakimu

Kama yote yaliyotangulia ni mazima, sasa ndipo injini yenyewe inapopimwa, na bado bila kufunguliwa. Geji ya kompresheni ni kifaa kidogo, na gereji isiyo nayo haina msingi wa kutangaza kwamba injini imekwisha.

Kwa injini ya petroli, injini ipate joto kwanza, moto wa plagi ukatwe, plagi zote zitolewe, pedali ya mafuta ikanyagwe hadi mwisho, kisha stata izungushe injini mara chache kwa kila silinda. Betri iwe na nguvu, vinginevyo vipimo vitakuwa vya uongo. Tofauti kati ya silinda na silinda ndiyo ya kuangaliwa zaidi: zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10 hadi 15, kuna tatizo.

Hapa mwinuko unarudi tena. Kwa hewa ya Bukoba, geji husoma takriban asilimia 13 chini ya kipimo cha usawa wa bahari. Kama kitabu cha gari kinataja paundi 170 kwa inchi ya mraba, injini nzima kabisa itasoma karibu 148. Fundi asiyezingatia hilo anaweza kuihukumu injini isiyo na kosa, na mwenye gari akalipia ovaholi kwa sababu ya hewa ya mlimani.

Silinda ikisoma chini, kijiko kimoja cha oili hutiwa kwenye tundu la plagi na kipimo hurudiwa. Kikipanda, ringi ndizo zimekwisha. Kisipopanda, valvu au gasketi ndiyo inayovujisha. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi kati yake ndiyo ya kushukiwa kwanza. Jaribio la oili ni la injini za petroli tu. Dizeli huhitaji geji yake maalumu, kwa kuwa shinikizo lake ni zaidi ya mara mbili ya lile la petroli.

Tofauti hizi ni za fedha. Valvu zilizobana huweza kupona kwa kurekebisha tapeti, na gasketi hubadilishwa kwa kutoa silinda hedi peke yake. Ringi na silinda zilizolika ndizo zinazodai ovaholi.

Magari ya miaka ya 1980 na kabla ya hapo yana jambo jingine. Baadhi yalitengenezwa kwa petroli yenye risasi, ambayo ilikuwa ikilinda viti vya valvu. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuiacha petroli hiyo, na hadi mwanzoni mwa mwaka 2006 ilikuwa imeondolewa sokoni. Injini za aina hiyo zikifanyishwa kazi nzito, viti vyake hulika na valvu huzama, hata tapeti ikarekebishwa leo na baada ya muda mfupi ikabana tena. Dawa yake ni kuweka viti vigumu kwenye silinda hedi, kazi inayofanywa mara moja.

Ushauri kwa mwenye gari na mnunuzi

Kwa mfanyabiashara wa Kimwani, moshi mweusi pamoja na nguvu zilizopungua vinamwelekeza kwanza kwenye chujio la hewa, kisha pampu na nozeli. Moshi wa bluu ungekuwa habari nyingine, kwa kuwa huo ni oili inayoungua. Asikubali ovaholi kabla ya kuona vipimo vya silinda zote vimeandikwa kwenye karatasi. Lakini vipimo vikionyesha silinda zimelika, asiendelee kubadilisha vichujio kwa matumaini: hapo ovaholi ni matumizi halali ya mtaji, na kuichelewesha ni kuendelea kuzimwaga lita 43 kila kilomita 1,000.

Kwa mnunuzi wa gari la zamani, vipimo hivihivi ni silaha ya bei. Muuzaji anayesema gari "linataka sevisi ndogo tu" aombwe kuruhusu geji. Vilevile muuzaji aliyekata tamaa na gari lisilopanda mlima huenda anauza injini nzima kwa bei ya chuma chakavu, kwa sababu ya chujio au kebo. Katika biashara hiyo, anayefika na geji ndiye anayejua thamani ya kile kinachouzwa.